Neno Kumega na Njia ya Jirani Yangu

Neno la kumega nilifundishwa na ugali. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu nikaenda kutafuta kazi ya kuchuma majani kwenye mashamba makubwa upande wa Kericho, na huko laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, tulikuwa tunakula wanaume sita kutoka sahani moja. Kiswahili changu kilikuwa cha kuomba maji na kuuliza njia. Mmoja wetu alikuwa mtu mzima kutoka upande wa ziwa, mpole, mwenye mikono mikubwa. Siku moja tukiwa tunakula akanishika kidole.

"Kijana, wewe unamega upande wangu."

Nikamwambia sijafika upande wake. Nikamwonyesha: ugali ulikuwa bado mbele yake.

"Bado, ndiyo. Lakini angalia ulikoanzia."

Nikaangalia. Mbele yangu sahani ilikuwa tupu tangu zamani. Nilikuwa nimeenda kwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande nilikiona halali, kwa sababu kilikuwa jirani na kile nilichokwisha kula. Wengine wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Yule mzee hakucheka. Alinisogezea sahani akasema, "Maliza. Una njaa, na njaa si kosa. Lakini ujue jina la kitu unachofanya."

Namshukuru mpaka leo. Hata jina lake la ukoo sikumbuki vizuri, lakini neno nililibeba.

Wenye vyeti watakuambia kumega ni kukata kipande kwa vidole. Sawa. Lakini huku kwetu neno hilo limetembea. Mto ukila ukingo kila masika, tunasema unamega shamba. Ng'ombe wa jirani akipitisha kichwa kwenye ua, kesho shingo, kesho kutwa mguu mmoja, huyo anamega. Mgeni aliyekuja kwa siku mbili, na sasa ana kikombe chake na mbwa hawambwekei tena, huyo amekwisha kukumega. Mke wangu husema upara umenimega kichwa kuanzia mbele, na simu imemmega mjukuu wetu kutoka pande zote. Mwizi ni kitu kingine. Mwizi huja mara moja, hubeba, hukimbia, na wewe unapiga kamsa. Anayemega hana haraka na anakusalimia kila asubuhi. Mara nyingine hata yeye hajui.

Sikurithi hata mche mmoja. Baba yangu aliacha wana wengi na kipande cha mlima chenye mawe. Nilichuma majani ya watu mpaka nikafanywa nyapara, na kazi ya nyapara ni kulinda meza. Chai ikichumwa vizuri, juu yake huwa sawa kama meza, na mchumaji huweka fito, kijiti kirefu kilichonyooka, akachuma kile tu kinachozidi fito. Asipoweka fito, meza hupanda. Haipandi siku moja. Hupanda kidole kwa kidole, na baada ya muda mwanamke mfupi hafikii tena. Mimi niliona meza ikipanda kutoka mbali kama vile watu wengine wanavyoona moshi. "Meza inapanda!" nilikuwa napiga kelele, na hilo likawa jina langu nyuma ya mgongo. Nasema haya ili mjue kwamba macho nilikuwa nayo.

Nikanunua shamba langu karibu na Roret. Siku hiyo hiyo, mwenye kuuza aliuza kipande cha nyuma kwa mtu na mkewe waliotoka nyanda za juu za Kisii, vijana kama sisi, wachapakazi. Shamba lao lilikuwa nyuma, halina barabara, kwa hiyo tulikubaliana njia ipite kando ya shamba langu, futi kumi, itoshe mkokoteni wa punda. Tulivuta kamba mbele ya wazee. Kukawekwa mawe mawili ya mpaka, yale tunayoita bikoni, kwenye ukingo wangu: moja kando ya barabara, jingine kule ndani njia inapopinda kwenda mtoni. Lile la kando ya barabara liling'olewa na tingatinga la kaunti walipopanua barabara. Lile la ndani mimi na yule jirani tulilikalia siku ile tukala mahindi ya kuchemsha, yeye akachora msalaba juu yake kwa ncha ya panga. "Mtu akilihamisha tutamjua," akasema. Tukacheka. Nani ahamishe jiwe?

Tulipanda chai mvua moja. Sasa, mche wa chai ukiuacha unakwenda juu kama kijana mwenye kiburi. Ili utanuke, unayalaza matawi yake chini na kuyabana kwa vijiti vyenye ndoano. Katikati ya shamba mti unatanuka mpaka ukutane na mwenzake. Lakini safu ya mpakani, upande wa njia, hakuna mwenzake. Kuna jua, kuna nafasi, na udongo mzuri uliolainishwa na mvua. Nililaza matawi huko bila kuwaza chochote. Baada ya miaka michache tukapogoa, tukaacha matawi yaliyokatwa palepale chini yaoze, kama tunavyofanya sisi wote. Chini ya ule uchafu matawi niliyoyalaza yakaota mizizi. Nikaona vichipukizi. Mnajua mkulima wa chai alivyo. Atang'oa sipresi, atang'oa mti wa matunda aliopanda mama yake, lakini chai iliyojiotea yenyewe haing'oi. Nikaviacha. Kila nilipopogoa, vilikuwa vimesogea kidogo, na palipokuwa na pengo nilijazia mche. Nani aache pengo?

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda, zaidi ya thelathini. Chai ikasomesha watoto wangu, na ya jirani ikasomesha wake. Yule jirani akafariki, tukamzika pale nyuma, na mimi mwenyewe nilichimba kaburi pamoja na vijana. Mjane akabaki peke yake, kwa sababu watoto wote wako mjini. Ua wao wa zamani wa sipresi, ule waliopanda upande wa pili wa njia, ukaoza, na miaka miwili iliyopita akasimamisha nguzo na waya ili ng'ombe wasiingie.

Siku nilipoona nguzo zile ndipo nilipoona njia imekuwa nyembamba. Nilisimama pale na kikapu mgongoni, nikashindwa kupita sawasawa. Nikageuka upande. Nikasema moyoni: huyu mama ananimega.

Nikamwambia mke wangu. Alikuwa anakamua, hakugeuka.

"Mzee, hizo nguzo ziko palepale ua ulipokuwa. Mashimo ya mizizi bado yapo."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Niko upande wa njia. Enda upime kwanza."

"Nipime nini? Nimepima meza za watu miaka ishirini. Macho yangu ndiyo kamba."

"Haya," akasema, akaendelea kukamua. Mke wangu akisema haya, mtu mwenye akili huketi chini afikiri tena. Mimi niliondoka.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama jirani kwenye kituo cha kupimia majani, watu wamejaa. Sikumwita kando. Nilisema mbele ya wote.

"Mama, nguzo zako zinatembea."

Alikuwa anapanga majani yake kwenye gunia. "Nguzo hazina miguu, mzee."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinichoma. Nikamwambia basi tutakutana kokwet. Kokwet ni baraza la majirani, wazee na akina mama wa kijiji. Hapo ndipo mambo ya mipaka, ng'ombe na matusi huamuliwa kabla hayajaenda kwa chifu.

Akafunga gunia. "Sawa. Nitakuja. Lakini nisikilize, mzee. Nikishindwa pale, nauza. Kijana wangu ananiambia niuze kila akipiga simu. Nimekataa kwa sababu baba yao yuko pale ardhini. Lakini siwezi kuzeeka mahali ninapoitwa mwizi."

Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana: "Auze basi, arudi kwao."

Nilisikia, na yule mama alisikia. Nilikuwa na mdomo, na mdomo huo umewanyamazisha wanaume mia mashambani. Sikusema kitu. Katika habari hii yote, hapo ndipo ninapoona aibu zaidi.

Kokwet ilikaa siku ya Jumamosi, asubuhi, kabla ya mvua ya mchana. Watu walisimama njiani wamebanana, maana njia yenyewe ndiyo ilikuwa kesi. Mwenyekiti ni mzee tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja, mtu wa mzaha lakini haogopi mtu.

"Aliyeshtaki aseme."

Nikasema. Nilisema vizuri, najua kusema. Nikaonyesha nguzo, nikaonyesha chai yangu ilivyosimama kwa safu iliyonyooka, nikauliza kama kuna mtu aliyewahi kuona chai ikitembea. Wazee wakatikisa vichwa. Kijana mmoja akasema kweli, nguzo ni mpya na chai ni ya zamani.

"Mama, na wewe?"

Yule mama alikuwa amevaa gauni la kanisa. Hakuonyesha kitu. Alisema, "Mimi sina mengi. Kulikuwa na jiwe. Mume wangu alilichora msalaba. Huyu mzee alikuwa amelikalia."

Nilikuwa nimelisahau. Nawaapia, nilikuwa nimelisahau kabisa mpaka aliposema, na papo hapo nikakumbuka ladha ya yale mahindi.

"Liko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Atafute mwenyewe," akasema. "Analijua." Akainama akachukua panga lililokuwa kwenye nyasi, akaligeuza, akanipa upande wa mpini.

Basi nikaingia. Chai ya miaka mingi, juu ni meza ya kijani huwezi kuona hata kuku akipita chini. Ndani ni giza na mashina yenye kuvu. Nilienda kwa tumbo, na umri huu. Nilitafuta chini ya safu ya kwanza, ile ya njiani, pale njia inapopinda. Hakuna. Nikafurahi kidogo. Halafu nikaona kitu kuhusu mashina yenyewe. Ya safu ya kwanza yalikuwa membamba. Mengine yalikuwa bado na kiwiko: tawi limetoka kwenye mti wa safu ya pili, limelala, limezama kwenye udongo, limeinuka upande huu likiwa mti. Nilifuata kiwiko kimoja kwa mkono mpaka kwenye shina nene kama paja, shina nililopanda mimi, na karibu na shina hilo mkono wangu ukagusa jiwe.

Nilikwangua kwa panga. Msalaba ulikuwepo.

Niwaambie ukweli, kwa sababu mimi siandiki ili nipendwe. Nilikaa chini ya ile chai muda mrefu. Nilisikia watu wakiongea nje, nikaona viatu vyao tu. Nikawaza: hakuna anayeniona. Udongo ni laini. Mikono miwili na jiwe linazama, au linakuja nami mpaka safu ya kwanza, na nikitoka nasema hili hapa. Mama atauza. Nitaweza hata kununua mimi. Shamba lake ni zuri. Hilo pia lilinijia, na nililitazama kama mtu anavyotazama nyama. Ndipo nikaona viatu vyake. Viatu vya kanisa, vimejaa tope, na vilikuwa vimesimama kwa upande, kisigino kwa kidole, kwa sababu pale alipokuwa hapakuwa na nafasi ya kusimama sawasawa. Ni mimi niliyemsimamisha hivyo. Kila siku alipopita na kikapu alipita hivyo, na hakusema.

Angalia ulikoanzia, kijana.

"Mzee!" Mke wangu akaita. "Umelala huko?"

Watu wakacheka. Nikasema kwa sauti, nikiwa bado chini, kwa sababu nilijua nikitoka kwanza nitatafuta maneno mengine: "Nimelipata. Liko safu ya pili."

Viatu vikasogea karibu.

"Safu ya pili kutoka wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kutoka njiani. Safu ya kwanza yote iko ndani ya njia. Nguzo za mama ziko sawa. Aliyemega ni mimi."

Nikatoka na majani kichwani na matope kifuani. Mwenyekiti alinitazama juu mpaka chini, akashindwa kujizuia.

"Nyapara! Meza haikupanda, ilitembea kwa upande!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Waliostahili kucheka walicheka, na wasiostahili pia, na nilimeza yote. Halafu nikamtafuta kwa macho yule aliyesema arudi kwao. Alikuwepo, ameegemea nguzo. Nikamwambia mbele ya wote, "Wewe ulisema neno kituoni na mimi nikanyamaza. Leo nakujibu. Kwao ni hapa. Mume wake yuko ardhini hapa, na jiwe limemshuhudia. Usirudie." Akaondoa bega lake kwenye nguzo.

Wazee wakataka kuniwekea faini ya kondoo. Mama jirani akakataa. "Msimtoze. Ang'oe tu." Na baada ya watu kuanza kutawanyika nilimuuliza kile kilichokuwa kinanisumbua. Alijua liliko jiwe. Kwa nini hakusema miaka yote hii? Kwa nini hakuingia yeye mwenyewe akalionyesha?

"Ningelionyesha mimi," akasema, "mngesema mjane amelibeba usiku. Jiwe hilo lilitaka kuonyeshwa na mtu mmoja tu."

"Na kama ningelificha?"

"Basi ningeuza, na nisingekuwa nimepoteza jirani. Ningekuwa nimejua sina."

Nimeambiwa maneno mengi maishani, mengine na watu wa suti. Hakuna aliyewahi kunipima hivyo, na nashukuru kwamba nilipita, ijapokuwa nilipita kwa tumbo.

Niling'oa mwenyewe. Watoto walipiga simu wakasema watatuma vijana wa kazi, nikakataa. Kung'oa chai si kung'oa maharage. Unachimba pande zote, unakata mizizi, unaingiza mtaimbo, unaning'inia. Ilikuwa miti thelathini na minane, na nilizunguka nayo siku sita. Kila mti niliujua. Kuna mmoja ulikuwa unatoa majani mazuri kuliko yote shambani. Huo niliuacha wa mwisho, nikawa naupita naupita kama mtoto anayeficha kipande cha nyama chini ya ugali. Siku ya sita mama jirani alikuja na chupa ya chai na ndizi za kuchemsha, akakaa juu ya jiwe. Tulikuwa tumelifukua, na mke wangu alikuwa amelipaka rangi nyeupe bila kuniuliza.

"Huo umeuruka," akasema, akionyesha ule mti mzuri.

"Sijauruka. Nauacha upumzike."

"Mzee."

"Nitaung'oa."

"Najua utaung'oa. Ndiyo maana nimekuja na ndizi, nikungoje."

Niliung'oa akiwa anatazama, na mtaimbo ulipoinua ule mzizi sauti ilitoka kama kitambaa kinachochanika. Alinimiminia chai. Aliniambia kijana wake amepiga simu tena jana, akauliza kama mnunuzi amepatikana. "Nikamwambia alete punda badala ya mnunuzi. Njia imepatikana."

Kweli punda alikuja, na mkokoteni. Sasa majani yake hayabebwi mgongoni tena, na siku mvua ikikaza mkokoteni huo hupitia kwangu ukachukua na yangu. Sikuomba. Ule mkokoteni ukipita kati ya chai yangu na nguzo zake, pande zote mbili pana nafasi ya mtu kusimama na kusalimia. Sisi tumezoea kusema kongoi tukishukuru, na yeye amejifunza kuitamka vizuri kuliko wajukuu zangu. Lakini mwenye kupaswa kuisema ni mimi, na ninaisema kila mara, mpaka anachoka.

Chai haijaacha tabia yake. Wiki iliyopita nilimkuta njiani na panga, ameinama kwenye safu yangu, ile ambayo sasa ndiyo ya kwanza.

"Unafanya nini kwenye miti yangu, mama?"

"Unanimega tena, mzee. Hili tawi limelala."

"Likate."

"Nilishalikata," akasema, akanirushia miguuni, akaendelea kutafuta jingine.